Siku ya Kupima Shamba, Mama Asiwe Jikoni

Timu ya kupima mashamba ikiingia kijijini, siku hiyo huwa ni ya shughuli. Kuna afisa ardhi kutoka wilayani, kuna kijana mwenye simu janja au kifaa cha kuchukulia vipimo, kuna wajumbe wa kamati ya uhakiki, kuna mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yao majirani wanaopakana. Wanatembea mpaka hadi mpaka: hapa minyaa, pale jiwe, kule mfereji. Baba anaonyesha, majirani wanaitikia, kijana anabonyeza. Zamu ya kuandika jina la mmiliki ikifika, anaulizwa aliyepo. Mama, aliyelilima shamba hilo masika na vuli kwa miaka ishirini, mara nyingi yuko nyumbani amebandika sufuria la ugali wa wageni.

Dakika zile tano za kuandika jina huamua mambo mengi: nani atabaki shambani mume akifa, nani atasikilizwa ndoa ikivunjika, na hata kama shamba lenyewe litapandwa miti au litachoshwa kwa mahindi kila mwaka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuhakikisha jina la mama linaingia, na nini cha kufanya pale ambapo halikuingia. Yanahusu ardhi ya vijiji ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, na msomaji wa huko aulize kwa utaratibu wa huko.

Tuanze na kile ambacho sheria imekwisha kukupa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kutoa ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yaleyale. Kifungu cha 20 kinakwenda mbali zaidi: mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili. Halmashauri ya Kijiji inapopokea maombi ya ardhi hairuhusiwi kuyashughulikia ya mwanamke kwa namna iliyo duni kuliko ya mwanamume. Kwa hiyo ukiambiwa ofisini kwamba mwanamke hapewi ardhi katika kijiji hiki, mwombe mtendaji akuandikie maneno hayo na kuyagonga muhuri. Hakuna atakayethubutu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba jembe lako lina uzito mbele ya sheria. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kifungu cha 161, inasema kwamba shamba likiwa kwa jina la mwenzi mmoja, lakini mwenzi wa pili amechangia kwa kazi yake kulilima, kulitunza au kuliboresha, naye anapata maslahi ndani ya shamba hilo. Na kazi za nyumbani je? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya familia. Tangu hapo mwanamke anayeachika hawezi kuambiwa tu kwamba hakuleta kitu.

Mbona basi wajane bado wanafukuzwa?

Kwa sababu sheria ya ardhi imenyooka, lakini mirathi ina njia yake. Mwaka 1963 serikali iliandika kanuni za kimila za makabila mengi na kuzitangaza kama Tangazo la Serikali Na. 436. Kanuni hizo zinaweka warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wavulana wengine katikati, mabinti chini. Mjane hana fungu lake. Anatarajiwa kutunzwa na watoto wake. Miaka zaidi ya sitini imepita, nguo zimebadilika, shule zimejengwa, simu zimefika hadi malishoni, na kanuni hizo bado zinasomwa katika vikao vya ukoo.

Zimewahi kupingwa. Mkoani Kagera, Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na mtu wa kumtunza, aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephraim, alikwenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kanuni za Kihaya zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote bila kuliuza, huku mwanamume akiruhusiwa kuuza. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua mwaka 1990 kwamba ubaguzi huo unapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mauzo ya Holaria yalikuwa halali. Hukumu hiyo inasomwa mpaka leo.

Lakini wajane wawili mafundi cherehani wa Shinyanga hawakuwa na bahati hiyo. Walifukuzwa na wakwe zao katika nyumba walizokuwa wakiishi na waume zao, wakaenda mahakamani kupinga kanuni za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Miaka kumi ya kuhangaika, na nyumba hawakuzipata kwa njia ya mahakama zetu. Nasema kwa uchungu: kumsubirisha mjane kiasi hicho ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Funzo ninalolichukua mimi ni la vitendo. Usiingojee mirathi. Haki iliyoandikwa wakati mume yu hai, kwa hiari yake, mbele ya Halmashauri ya Kijiji, ni ngumu mno kwa ukoo kuinyang'anya. Ndiyo maana hati inafaa kuombwa sasa.

Hati ya kimila na jina lako

Hati inayozungumziwa hapa inaitwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kwa mwananchi haina ukomo wa miaka, na inalingana kwa nguvu na hati zinazotolewa mjini. Ili kijiji kiweze kuitoa, lazima chenyewe kiwe na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kilichotolewa baada ya mipaka na vijiji jirani kukubaliwa, na kiwe na masijala, yaani mahali salama pa kutunzia kumbukumbu za ardhi. Vijiji vingi pia huandaa kwanza mpango wa matumizi ya ardhi: wapi makazi, wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu na chanzo cha maji. Nenda ofisi ya kijiji ukaulize vitu hivyo kama vipo. Kama havipo, swali lako liingie katika ajenda za mkutano mkuu.

Mwombaji hujaza fomu ya maombi na kuikabidhi kwa Halmashauri ya Kijiji, ambayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Fomu inaweza kujazwa na mtu mmoja, na wanandoa, na familia, au na kikundi. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kama mnaomba kama wanandoa, majina yote mawili yaandikwe kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. “Mama Neema” au “mke wa fulani” si jina la mmiliki. Mume akioa mwingine, naye ni mke wa fulani.

Kisha afisa atauliza namna ya umiliki, na wengi hujibu bila kuelewa. Umiliki wa pamoja maana yake shamba ni la wote wawili bila kugawanyika, na mmoja akifariki, sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja. Halirudi ukoo. Umiliki wa hisa maana yake kila mmoja ana fungu lake, nusu kwa nusu au vinginevyo, na fungu la marehemu huingia katika mirathi. Kwa mke na mume walio wawili tu, mimi naona umiliki wa pamoja ndio kinga bora ya mjane, na ya mgane pia. Kwa ndoa ya wake wengi mambo hubadilika: ni heri kila mke apimiwe eneo analolima na aandikishwe humo, ama hisa zitajwe wazi. Wake watatu katika hati moja isiyotaja fungu la kila mmoja ni kesi inayosubiri msiba.

Uhakiki wa mipaka hufanywa na kamati ya kijiji yenye wajumbe wasiozidi tisa, na wanawake kati yao wasipungue wanne. Siku yao ikifika, uwepo shambani. Wageni watakunywa uji, au watakula jioni. Tembea mipaka yote, taja mwenyewe nani anapakana nawe na tangu lini, na angalia kinachoandikwa. Kama husomi, nenda na mtoto anayesoma akusomee kwa sauti. Baada ya hapo matokeo hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Watu wengi hupita mbele ya karatasi hizo bila kuzitazama, halafu hushtuka hati zinapogawiwa. Simama uzisome. Kuongeza jina wakati huo ni kazi ya kalamu. Kuliongeza baada ya hati kutoka ni safari ya wilayani, tena na tena.

Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na wamiliki wenyewe, kisha husainiwa na afisa ardhi wa wilaya na kusajiliwa. Kumbukumbu zake hubaki katika masijala ya kijiji na ya wilaya. Ada ipo, na hutofautiana. Ulipe tu penye stakabadhi. Ukishaipata, ipige picha kwa simu na umtumie mtu unayemwamini anayeishi mbali na kijiji. Moto na mchwa havichagui karatasi.

Kuna jambo moja linalosahaulika na ambalo Rwanda ilijifunza kwa gharama. Kati ya 2008 na 2013 nchi hiyo ilisajili zaidi ya vipande milioni kumi vya ardhi, kazi ambayo hakuna nchi jirani iliyowahi kuifanya kwa kasi ile. Watafiti walipofuatilia matokeo ya awali, waliona kwamba wanawake wenye ndoa zilizosajiliwa walinufaika, lakini waliokuwa wakiishi na waume bila ndoa ya kisheria waliachwa nje, wengine hali zao zikawa dhaifu kuliko mwanzo. Kwetu ndoa ya kimila ni ndoa halali na inatakiwa kusajiliwa. Walioishi pamoja kama mke na mume kwa miaka miwili au zaidi nao wana kinga katika Sheria ya Ndoa ya 1971, ila wanaoidai hulazimika kuithibitisha mahakamani kwa mashahidi. Cheti cha ndoa kinakuokoa na usumbufu huo wote.

Shamba la kuazima halipandwi mwembe

Nani hajawahi kusikia sharti hili? Ukiazimwa shamba, unaambiwa lima mahindi, lima maharage, lakini mti wa kudumu usipande, kwa sababu mti ni dai la umiliki. Mwanamke asiye na haki ya uhakika huishi na sharti hilo hata kwenye shamba la mumewe. Anajua kwamba parachichi huanza kuzaa baada ya miaka, kwamba tuta la kuzuia mmomonyoko humtoa mtu jasho leo na kumlipa baadaye, kwamba samadi hurutubisha udongo misimu kadhaa. Kwa nini awekeze katika ardhi ambayo shemeji anaweza kuichukua kesho kutwa?

Hili limepimwa. Huko Akwapim, kusini mwa Ghana, wachumi Markus Goldstein na Christopher Udry waligundua, katika utafiti uliochapishwa 2008, kwamba wakulima wasio na nguvu katika siasa za ukoo waliogopa kulipumzisha shamba, kwa kuwa shamba lililolala linaweza kupewa mwingine. Wanawake walikuwa wengi katika kundi hilo. Matokeo yake udongo ukachoka na mavuno yakapungua. Kwa hiyo afisa kilimo anapokuja kuhimiza miti na matuta, aulizwe kwanza: hao anaowahimiza, shamba ni la nani? Mpango wa kuhifadhi mazingira unaomruka mwanamke asiye na hati unajenga juu ya mchanga, kwa kuwa ndiye anayeshika jembe.

Mume akifariki

Siku za msiba ni siku za kuonewa, kwa sababu mjane yuko ndani amefunikwa khanga na wanaume wako nje wanapanga. Ndugu zako wa kuzaliwa wajue mapema zilipo karatasi: hati, cheti cha ndoa, karatasi za mauziano kama shamba lilinunuliwa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Usimpe mtu yeyote karatasi halisi, awe shemeji au mzee wa ukoo. Toa nakala.

Fuatilia cheti cha kifo kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Ukoo ukikaa kupendekeza msimamizi wa mirathi, una haki ya kuwapo na kupendekezwa wewe mwenyewe. Hakuna sheria inayosema msimamizi lazima awe mwanamume. Muhtasari wa kikao usomwe mbele yako kabla hujausaini. Msimamizi huteuliwa na mahakama, kwa familia nyingi za vijijini Mahakama ya Mwanzo, wala ukoo peke yake hauna mamlaka ya kumteua. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Mali haiwi yake. Akianza kuuza kana kwamba ni yake, nenda kwa hakimu yuleyule aliyemteua ukamlalamikie.

Kwa familia za Kiislamu, mirathi yaweza kufuata sheria ya dini, ambapo mke ana fungu linalojulikana: thumuni moja palipo na watoto, robo pasipo na watoto. Mafungu hayo ni haki, wala shemeji hana ruhusa ya kuyafanya hisani.

Wosia nao husaidia sana, na wazee wetu waache kuuogopa kana kwamba kuuandika ni kujiitia kifo. Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Wa asiyejua kusoma, wanne. Walioandikiwa mali wasiwe mashahidi.

Mgogoro ukizuka, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha, na hawawezi kukulazimisha ukubali. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu na halitoi tena hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo litataka kuona kwamba ulipitia kata. Tunza kila barua. Usikae kimya ukitegemea muda utatibu: madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu huanza siku aliyofariki. 

Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na wako katika wilaya nyingi. Muulize afisa maendeleo ya jamii akuelekeze. Mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) yameshughulikia kesi za ardhi za wanawake kwa miaka mingi.

Na kwenu akina baba

Kuna wanaodhani kumwandikisha mke ni kugawa mali ya ukoo. Kwa kweli unawalinda wanao. Ukifa leo na hati ina jina lako peke yako, kaka zako ndio watakaokaa kuamua watoto wako wale nini. Tena msiseme wanaume hawataki kabisa. Katika mitaa miwili ya Kinondoni, Dar es Salaam, watafiti waliwahi kupunguza bei ya hati kwa sharti kwamba jina la mke liingie. Karibu wote walioomba hati kwa sharti hilo waliliandika. Ethiopia nayo, katika majimbo kadhaa, iliweka picha za mume na mke wote wawili kwenye cheti cha ardhi, na mashamba yaliendelea kulimwa kama kawaida. Halmashauri zetu za wilaya zingeweza kufanya hivyo msimu ujao wa upimaji: ada nafuu kwa hati yenye majina mawili. 

Oktoba 2016, wanawake wakulima kutoka nchi zaidi ya ishirini za Afrika walikusanyika Arusha na baadhi yao wakaupanda Mlima Kilimanjaro kudai ardhi. Ilikuwa safari ya heshima. Lakini kilima chako wewe kipo karibu zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Ukisikia umeitishwa, nenda, kaa mbele, na uulize mambo matatu: cheti cha ardhi cha kijiji kiko wapi, wanawake wangapi wamo katika kamati ya uhakiki, na upimaji unaanza lini. Kabla hujaondoka, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya mahudhurio.